Usishindane na Jua: Bustani ya Nyumbani Wakati wa Kaskazi

Januari ikiingia, malalamiko ya wenye bustani za nyumbani huwa ni yale yale, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Nyanya zilichanua, lakini maua yamepukutika yote. Kabichi imetanua majani na haifungi. Karoti ziliota, zikachungulia siku chache, zikaungua. Mwenye bustani anaongeza maji, kisha mbolea, kisha dawa ya dukani, na mwisho anaiacha bustani ikauke, akisema atarudi masika. Miezi mitatu inapotea hivyo kila mwaka, na inapotea bure. Kaskazi ni msimu kamili wa kupanda na kuvuna, ilimradi upande vinavyolipenda joto, na vile visivyoliweza uvisubirishe.

Tuanze na nyanya, maana ndizo zinazowavunja watu moyo zaidi. Ua la nyanya hushika tunda pale chavua yake inapokuwa hai. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi chavua hudhoofika, na usiku ukibaki juu ya nyuzi 21 kwa siku nyingi mfululizo ua hukosa nguvu ya kushika, likadondoka. Sasa tazama hali ya Dar es Salaam mwezi wa Februari: mchana unacheza kwenye nyuzi 31 na 32, na usiku ni nadra kushuka chini ya 23. Mche unaweza kuwa na afya njema kabisa, umwagiliwe vizuri, usiwe na mdudu hata mmoja, na bado ukaangusha maua. Ukiupa mbolea ya kukuzia hapo, utapata msitu wa majani. Nyanya za pwani zina wakati wake, nao ni kipupwe: miche iwe kitaluni mwishoni mwa masika, ihamishwe mvua zikipungua, uvune kuanzia Agosti. Mwenye hamu isiyozuilika na apande zile nyanya ndogo za mviringo zinazozaa vichala, kwani hizo huvumilia joto kuliko nyanya kubwa. Kabichi na karoti mimi huwaachia watu wa Lushoto na Njombe. Wana baridi ya kuzilea, na sokoni zinafika.

Nafasi iliyobaki wazi ni ya bamia. Nitalizungumzia kwa kirefu, kwa sababu naliona ndilo zao linaloistahili kaskazi kuliko yote, na watu wengi hulipanda kisha wakalivuna vibaya. Mbegu za bamia zina ganda gumu. Ziloweke usiku kucha, uzipande asubuhi yake, mbili mbili kwenye kila shimo, shimo hadi shimo hatua ya mguu mmoja, na mstari hadi mstari miguu miwili. Zikiota, acha mche mmoja wenye nguvu. Baada ya siku 50 hadi 60 utaona ua la kwanza: la manjano laini, lenye jicho la zambarau iliyokolea katikati. Hufunguka asubuhi na kufikia alasiri limekwisha kujifunga, halifunguki tena. Kwa hiyo anayeitembelea bustani yake jioni tu hatayaona maua ya bamia yakiwa wazi.

Hesabu inaanzia kwenye ua hilo. Tunda huwa tayari siku 4 hadi 6 baada ya ua kufunguka, na wakati wa joto huwahi zaidi. Ndiyo maana bamia haingoji mwisho wa wiki. Pita kila baada ya siku moja, asubuhi, ukiwa na kisu na kitambaa cha kujikinga na vinyweleo vyake vinavyowasha, ukate yote yenye urefu wa kidole. Likikupita moja likakomaa mtini, mche huona kazi yake imekwisha, hupeleka nguvu kwenye mbegu na kupunguza maua mapya. Miche 12 inayovunwa kwa nidhamu hulisha familia ya watu watano au sita vizuri kuliko miche 30 inayovunwa siku mtu akikumbuka. Mwishoni mwa msimu uchague mche uliozaa vizuri, uache matunda yake matatu au manne yakauke palepale mtini. Hizo ndizo mbegu zako za mwaka ujao, alimradi aina uliyopanda si ile chotara ya pakiti, kwa kuwa watoto wa chotara hawafanani na mama yao.

Maboga na matango yana fumbo lake, na nimeulizwa habari zake mara nyingi: mbona yanachanua bila kuzaa? Mmea wa boga hutoa maua ya aina mbili. Dume lina kikonyo chembamba mpaka kwenye ua. Jike lina kijitunda kidogo chini ya ua, kabla halijafunguka hata. Madume hutangulia kwa siku kadhaa, na joto kali huyazidisha. Wiki ya kwanza na ya pili, basi, usiwe na wasiwasi. Majike yakianza kuja na bado vijitunda vinageuka manjano na kuoza nchani, tatizo ni nyuki: hawafiki, au wanafika wachache. Fanya kazi yao. Kabla ya saa tatu asubuhi, chuma dume lililofunguka siku hiyo hiyo, ondoa petali zake, upake chavua yake katikati ya jike. Dume moja linatosha majike mawili matatu. Baada ya saa nne maua yote yatakuwa yamenywea na nafasi imepita. Na tafadhali usipulize dawa asubuhi. Ukilazimika kupuliza, ngoja jioni nyuki wakisharudi kwao.

Mboga za majani ndizo rahisi. Mchicha umeumbwa kwa jua kali: changanya mbegu zake na mchanga mkavu ili zisirundikane, mwaga, funika kwa udongo kidogo mno, na siku ya 21 hadi 30 unavuna. Siri yake ni kupanda kipande kidogo kila baada ya wiki mbili badala ya kupanda tuta zima siku moja, kwa sababu mchicha ukipata kiu huwahi kutoa maua na majani yake hukomaa. Mlenda, ambao Kenya huitwa mrenda, hauhitaji hata maelezo, joto ndilo linaloufurahisha. Matembele unapanda kwa vipande vya shina vya urefu wa sentimita 25 hadi 30, nusu ikiwa ardhini, na baada ya mwezi mmoja hutanunua mboga tena. Kunde nazipenda kwa sababu mbili: majani yake ni mboga, na mizizi yake huhifadhi naitrojeni inayobaki kwenye udongo kwa ajili ya zao litakalofuata. Nyanya chungu na biringanya huvumilia joto vizuri, ila zinataka maji yasiyokatika. Pilipili mbuzi itaangusha baadhi ya maua Februari, kisha mvua za kwanza zikigusa udongo itazaa mpaka uchoke kugawia majirani. Mboga hizi za asili, ambazo zamani zilidharauliwa kama chakula cha asiye na kitu, leo zina wataalamu wake: World Vegetable Center ina kituo Arusha kinachohifadhi na kuboresha mbegu za mchicha, nyanya chungu, mnavu na nyinginezo. Ukipata mbegu zilizochaguliwa vizuri utaona tofauti kubwa.

Kabla hujachimba, jua jua lilipo. Watu wengi hudhani kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la saa sita daima liko utosini. Haliko hivyo. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, karibu na mwanzo wa Machi na wiki ya pili ya Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, yaani kaskazi yote, jua la adhuhuri limeegemea kusini. Maana yake kivuli cha nyumba kiko upande wa kaskazini. Ukuta wa mita 3 mwezi wa Desemba hutupa kivuli cha karibu mita 1 saa sita mchana, Dar es Salaam na hata Mombasa. Mita hiyo moja ni hazina kwa mnanaa, kotimiri, na miche michanga kitaluni. Upande wa mashariki wa nyumba ni mzuri kuliko yote kwa vyungu na mboga laini, kwani hupata jua la asubuhi na kupumzika mchana. Upande wa magharibi ndio mgumu: ukuta hunyonya joto kuanzia saa nane na kulirudisha kwa mimea mpaka usiku. Hapo weka bamia, mchaichai, mlonge, au bogenvilia, usiweke kitu kinachohitaji kuhurumiwa. Kipupwe kikija, jua likihamia kaskazini, mpangilio wa kaskazini na kusini hugeuka, na vyungu vya huko vihamishwe.

Miche inayotoka kitaluni inahitaji kivuli siku saba za kwanza. Kichanja cha kuti moja au mawili yaliyowekwa juu ya vijiti, kimo cha kiuno, kinatosha, na ni bora kuliko wavu mzito unaozuia upepo. Hamisha miche saa kumi na moja jioni, usihamishe asubuhi, ili ipate usiku mzima wa kushika udongo kabla ya kukutana na jua.

Sasa maji. Udongo wa pwani kwa sehemu kubwa ni mchanga, na mchanga haushiki maji. Tuta lililoinuliwa, linalofaa sana masika, ni kosa wakati wa kaskazi: hukauka pande zote. Fanya kinyume. Chimba kitanda kiwe chini ya usawa wa njia kwa upana wa kiganja, uchanganye mboji au samadi iliyoiva vizuri, na kingo zake ziwe juu. Kila tone unalomwaga litabaki humo. Samadi ya kuku, hasa, iache ioze wiki kadhaa. Ikiwa mbichi huunguza mizizi, na jua huongeza machungu yake.

Hesabu ya maji ni nyepesi. Siku ya jua kali mboga iliyokomaa hutumia takribani lita 5 kwa kila mita moja ya mraba. Kitanda cha mita 1 kwa 2 kinataka lita 10 kwa siku, yaani ndoo ya lita 20 kila baada ya siku moja. Naisisitiza ndoo nzima siku moja na mapumziko siku ya pili, kuliko kunyunyiza nusu nusu kila jioni. Maji kidogo ya kila siku hulowesha juu tu, mizizi ikapanda kuyafuata, na hapo ndipo joto lilipo. Mwaga taratibu shinani, alfajiri au jua likishapungua. Kisha funika udongo. Majani makavu, nyasi zisizo na mbegu, pumba za mpunga, makumbi ya nazi yaliyochanguliwa, chochote unachokipata, kiwe na unene wa vidole vinne, kisigusane na shina. Ukipuuza ushauri wangu wote mwingine, fanya huu wa matandazo. Pasipo kifuniko, mchanga huwaka mchana mpaka mizizi ya juu ikaiva.

Kwa pilipili na biringanya kuna njia nyingine ninayoipenda: mtungi wa udongo usiopakwa rangi, unaofukiwa mpaka shingoni katikati ya miche minne. Ujaze maji, uufunike. Maji hupenya polepole kwenye udongo kadiri unavyokauka, na mizizi huukumbatia mtungi. Kifuniko ni cha lazima, sawa na cha pipa la maji, na visahani vya chini ya vyungu vimwagwe maji kila baada ya siku chache. Mbu anayeeneza homa ya dengue huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama karibu na nyumba, na Dar es Salaam ilishaugua kwa wingi mwaka 2014 na tena 2019. Bustani isiwe chanzo cha ugonjwa nyumbani.

Wengi wetu tunategemea kisima, na visima vya pwani, hasa kaskazi ikikolea, huwa na chumvi. Dalili yake ni majani kuungua kingo, kuanzia yale ya zamani, na utando mweupe juu ya udongo. Maharage, karoti na vitunguu hayawezi maji hayo. Spinachi huyavumilia vizuri. Usiyamwage juu ya majani. Usiyamwage kidogo kidogo pia, kwani chumvi hubaki juu: mwaga mengi kwa mara moja yaisukume chini ya mizizi. Na maji ya kuoshea mchele na mboga usiyatupe. Ya kuoshea vyombo yanafaa kama sabuni ni kidogo na hayana dawa ya kung'arishia nguo. Wasomaji wa Lindi na Mtwara, ambao mvua zao hushuka kuanzia Desemba, wasifuate ushauri wangu wa awali wa vitanda vilivyozama. Kwao huo ni wakati wa kuinua matuta.

Mdudu wa kuangaliwa sana msimu huu ni utitiri mwekundu. Ni mdogo mno, hukaa chini ya jani, na hupenda hewa kavu na vumbi. Ukiona jani la biringanya lina vidoa vidogo vya manjano na utando kama wa buibui, ni yeye. Siku tatu nne mfululizo, mnyunyizie maji kwa nguvu kutoka chini ya jani, mapema asubuhi ili majani yakauke haraka. Akizidi, mwarobaini: twanga majani mabichi, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, upulize jioni, kwa sababu mwanga wa jua huiharibu nguvu ya dawa hiyo. Inzi weupe na wadudu mafuta nao hupungua kwa njia hiyo hiyo. Kantangaze, yule nondo anayetoboa majani ya nyanya na aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2014, ni sababu nyingine ya kutopanda nyanya wakati huu.

Bustani ya nyumbani isiyo na ua la kunusa naiona haijakamilika, na kaskazi ni msimu wa manukato. Asumini anataka jua la kutosha na udongo uliolowa, na huchanua kwenye matawi mapya. Kwa hiyo kila duru ya maua ikiisha mpogoe, atoe vichipukizi, na vitumba vitajaa tena. Vitumba vyake huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vifunguke usiku kichwani, kwenye kikuba au kitandani. Ukingoja vifunguke mtini, asubuhi utaokota vilivyodondoka. Rehani iwe karibu naye, kwa kikuba na kwa nyuki. Mlangilangi ukiuacha hukimbilia juu mpaka maua yake hayafikiki. Komoro, ambako mafuta yake ni zao la biashara, wakulima huukata kilele na kuyainamisha matawi ili mchumaji asimame chini, nawe fanya hivyo uani kwako. Bogenvilia inayokataa kuchanua mara nyingi inamwagiliwa kupita kiasi: ipunguzie maji, ipe jua la siku nzima, na itajifunika rangi. Mkrismasi, mti wetu wa asili ya Madagaska unaowaka mwekundu Desemba, naupenda mno barabarani na viwanjani, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kwa nguvu. Usiupande karibu na ukuta, kisima wala shimo la maji taka.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo huwezi kulifanya vizuri msimu mwingine wowote. Kama una kitanda kinachoshambuliwa na minyoo fundo, ile inayoacha vinundu kwenye mizizi ya bamia na nyanya, au kinachonyausha miche bila sababu ya wazi, usikipande kitu Januari. Kisafishe, kisawazishe, kiloweshe maji mpaka kina cha mkono, kisha ukifunike kwa nailoni nyembamba inayopitisha mwanga, isiwe nyeusi, kingo zote zikifukiwa udongoni. Kiache wiki 4 hadi 6 juani. Joto litakalofungika humo huua minyoo mingi, kuvu na mbegu za magugu kwenye tabaka la juu. Ndago haifi kwa njia hiyo. Viazi vyake vichimbe kwa mkono kabla ya kufunika, kimoja kimoja. Mwanzoni mwa Machi ondoa nailoni, usichimbe kwa kina usije ukarudisha juu uchafu wa chini, changanya mboji kidogo sentimita chache za juu, uinue tuta, na mbegu za mchicha na kunde ziwe zimeshamwagwa wingu la kwanza la masika litakapotanda.